Togwa Iliyomtoa Mama Mezani

Bombambili, Jumapili jioni. Mvua imeanza saa saba mchana na mpaka sasa inadondoka. Nina hasira, na leo simwombi mtu radhi kwa kuwa nayo.

Leo nimeshiriki Meza ya Bwana huku mama yangu mzazi ameketi benchi la mlangoni kama mpita njia. Sahani ya mkate ilimpita, haikusimama.

Miezi mitatu iliyopita tulimzika mjomba wangu kule Namtumbo. Mama alikwenda na ndoo ya togwa, kama mwanamke yeyote wa huku anavyokwenda kwenye msiba wa kaka yake. Uji wa mahindi na kimea cha ulezi, basi. Hata watoto wanakunywa. Ila jua lilikuwa kali, msiba ukakaa siku tatu, na togwa haijui kusubiri. Siku ya tatu ilikuwa imechachuka. Watu waliinywa hivyo hivyo na wakashukuru.

Mtu akaipiga picha ile ndoo, picha ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Mwenyekiti wa baraza la wazee, Mzee Zakaria, ana pua ya kunusa dhambi za wenzake kutoka hapa mpaka Tunduru. Akaitisha kikao.

Sasa niandike lile ninaloliogopa.

Katibu wa baraza ni mimi.

"Dada Katibu, wewe ulikuwepo," Mzee Zakaria aliniuliza kikaoni. "Hiyo togwa ilikuwa na povu, haikuwa na povu?"

Nikasema ilikuwa nalo.

Ni kweli ilikuwa nalo. Sikusema kwamba togwa yoyote ikilala hutoa povu, na kila mama aliyekuwa mle kikaoni anajua. Sikusema kwamba hakuna aliyelewa. Nilitaka waone kwamba sipendelei. Nikaandika kitabuni kwa mkono wangu: ametengwa kwa kutengeneza pombe. Mwandiko mzuri kabisa.

Ili arudishwe, asimame mbele ya kanisa akiri kwamba alipika pombe. Sentensi moja tu. Leo asubuhi nilimbembeleza aiseme, yaishe. Ana miaka sabini na minne, moyo umetanuka, daktari ametuambia tusitegemee muda mrefu. Hajaomba kitu kingine, ni hicho kipande cha mkate tu kabla hajaondoka.

Akaniangalia. "Devota, nimdanganye Mungu ili nikale mezani pake?"

Nikaenda kukaa mbele na viongozi. Nikala.

Halafu Mzee Zakaria akahubiri uhuru katika Kristo. Nusu saa nzima! Alilowa jasho kwa huo uhuru. Ibada ilipoisha nikampa shikamoo yangu, akaitikia marahaba huku macho yake yakipima urefu wa sketi za mabinti wa kwaya. Watu hawa wameichukua Injili wakaifanya kufuli, na funguo wameweka mifukoni mwao.

Namchukia. Nimeandika na sifuti. Lakini ushahidi wa povu haukutoka kinywani mwake, ulitoka kinywani mwangu.

Nilipofika nyumbani nimeloa, mama alinimiminia togwa ya jana kwenye kikombe cha bati. Povu lilikuwa juu. Akainamisha kichwa akaiombea, kama anavyokiombea kila chakula, akasema, "Kunywa, mwanangu, utapata homa." Nikanywa. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Jumatano kuna kikao. Nitausoma ule mstari kwa sauti, niukate kwa kalamu mbele yao, niwaeleze togwa ni nini kana kwamba wamezaliwa Ulaya, kisha niwaachie kitabu chao mezani. Naogopa, sijui sauti itatoka vipi.

Ila Jumapili ijayo sina wasiwasi nayo. Nitakaa benchi la mlangoni. Mkate ukitupita, utupite wawili.