Shokapu ya Yona

Moshi, Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Na mbukwa pia, maana najua ukisomewa Kiswahili kitupu utasema mwanao amegeuka mtu wa mjini. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyotuma unaitumia, au umeshawagawia majirani kama ile ya mwaka jana? Na uwele umeota vizuri? Mimi ni mzima wa mwili. Huku mvua inanyesha utadhani imelipwa, ndizi tunakula mchana na jioni, na mlenda nauona ndotoni tu.

Najua anayekusomea ni Loisi, kwa kuwa macho yako yameshagombana na herufi. Loisi, marahaba mwanangu. Soma polepole, usiruke mstari. Barua hii inakuhusu wewe zaidi hata ya bibi yako, na kuna mahali utataka kuiacha. Nakuomba usiiache.

Mama, kazi yangu unaijua: natengeneza baiskeli za wageni wanaopanda nazo njia za mlimani. Watu wazima na akili zao wanapanda ndege kuja kuhenyeka kwenye kilima, wakifika juu wanapiga picha, wanashuka. Mimi nakaza cheni, nashukuru Mungu. Sasa juzi bosi ameniita, akasema baiskeli mbili zinastaafu, nichague moja iwe zawadi yangu ya kufanya kazi hapa miaka kumi. Papo hapo nikajua hii ni ya Loisi. Amechaguliwa kuwa mhudumu wa afya wa vijiji, vya bondeni na vya juu, na sanduku la dawa haliwezi kupanda mlima lenyewe.

Nikampigia. Nikamweleza kwamba moja ina shokapu, ile springi ya kupunguza mtikisiko, kwenye foku ya mbele tu, nyuma ni chuma kigumu. Nyingine ina shokapu mbele na nyuma. Hata sijamaliza, akadakia, "Baba mdogo, niletee yenye shokapu ya nyuma! Kama ile ya baba!"

Nikasema mtandao unasumbua, nikakata. Loisi, mtandao haukuwa na shida yoyote. Nilikaa juu ya ndoo mpaka wenzangu wakaniuliza kama nina malaria.

Maana kulikuwa na kitu kingine nilichokisikia kwenye simu. Huko kwenu upepo ulikuwa unavuma, na nyuma ya sauti ya Loisi kitu kikalia, ng'ii, kikanyamaza, ng'ii. Mama, wewe ukisikia mlio ule huwa unasema Yona anatusalimu. Ni baiskeli ya kaka yangu uliyoitundika ukutani nyuma ya jiko, ukakataza mtu asiiguse. Ile nusu ya nyuma iliyovunjika inaning'inia na upepo unaichezesha. Mlio ule naujua. Niliutengeneza kwa mikono yangu.

Basi kesho yake nikazichukua zote mbili kuzijaribu, kwenye njia ya mawe inayopanda kati ya mashamba ya kahawa. Nimebeba mawe kwenye begi mgongoni, na fundi mwenzangu, Aminieli, ananifuata nyuma kwa baiskeli yake. Nikaanza na ile ya shokapu moja. Inapiga makalio, sikufichi, na penye kokoto tairi la nyuma linarukaruka. Ila kila unachokanyaga kinafika kwenye tairi. Nikarudi chini, nikapanda ile ya mbili. Ukisimama kwenye pedeli inabonyea, inakunywa nguvu zako, mpaka uifunge kwa kiswichi chake. Lakini penye mawe, Loisi, ilipanda vizuri kuliko mwenzake. Tairi lilishika chini halikuteleza hata mara moja. Nakwambia ukweli huo kwa sababu leo nimeamua kusema kila kitu.

Nilipofika kwenye kona ya pili nikasikia, ng'ii. Nyuma yangu kabisa, chini ya kiti. Nikaruka chini, nikaiachia baiskeli ikaanguka.

"Umeusikia?" nikamuuliza Aminieli.

"Nini?"

"Mlio. Wa springi."

"Mlio gani wewe? Si umeitia mafuta asubuhi nikiona?" Akaishika, akaikandamiza kwa uzito wake wote. Kimya. Akaiegemeza kwenye jiwe. "Elia, kaka, wewe unaumwa na nini?"

Nikageuza baiskeli. Tukazisukuma mpaka chini.

Na bado kichwa changu hakikuwa kimekoma! Ile ya shokapu mbili haina mahali pa kufunga keria, na mhudumu bila keria atabeba wapi sanduku? Nikajiambia, mbona rahisi, nachomelea vyuma viwili hapa, kimoja pale, Loisi anapata anachotaka. Nilikuwa nimeshavaa miwani ya kuchomelea, mama. Mashine imeshawaka. Ndipo nikaona ni mkono uleule, kazi ileile, na mtu wa ukoo uleule atakayepanda mlima uleule. Nikazima. Nikavua miwani.

Loisi, hapa ndipo usome kwa sauti.

Ulikuwa na miaka minane. Unakumbuka ukipandishwa kwenye keria ya baba yako, unarushwarushwa, unacheka. Ile shokapu niliitoa kwenye pikipiki iliyokufa. Nilikata fremu ya kaka yangu, fremu nzima isiyo na kosa, nikaichomelea hapo katikati, eti nimpunguzie kuumia mgongo. Kijijini hakukuwa na mtu aliyewahi kuona kitu kama hicho. Sifa zikanipanda kichwani. Nikawatangazia watu kwamba siku ya mnada wa kijiji cha juu mlimani wataiona ikipanda na viroba viwili vya alizeti, na vijana wawili wakaahidi kuniletea za kwao niwatengenezee.

Jioni ya kuamkia mnada Yona alikuja kibandani kwangu. Akasema, "Mdogo wangu, hiki kitu nikipanda kinanivuta nyuma. Usukani unakuwa mwepesi. Tena kimeanza kulia. Kitoe, nirudishie chuma changu."

Nikainama kuangalia. Kwenye mshono wangu wa kuchomelea kulikuwa na ufa, mwembamba kama unywele. Niliuona, mama. Niliuona vizuri kabisa. Nikachovya kidole kwenye grisi nikaupaka, yeye asiuone. Nikamwambia, "Imekauka tu, inataka grisi. Nitaitoa kesho, mnada ukiisha."

Akasema, "Haya, wewe ndiye fundi." Akaondoka akiisukuma, inalia.

Kesho yake mimi nilitangulia juu mapema. Nilikuwa nimesimama pale mlima unapoishia, nimewakusanya watu, nawaonyesha upande atakaotokea. Tukasubiri. Wakaanza kunitania kwamba fundi ameula wa chuya. Mimi nacheka nao, na ndugu yangu alikuwa ameshaanguka kwenye mawe chini ya kona ya pili, chuma kimeachia palepale nilipopaka grisi.

Msibani watu walisema amezidisha mzigo. Na wewe mama ulilia ukisema, "Tamaa ya kiroba cha pili imeniulia mwanangu." Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka huohuo, goti langu linagusa lako. Nikanyamaza. Siku ya tatu nikapanda basi, na sijarudi mpaka leo. Kila mwaka nimekwambia bosi hanipi ruhusa. Bosi hajawahi kuninyima.

Mzigo haukuzidi. Viroba viwili Yona alivipandisha mlima ule tangu mimi sijaota ndevu. Ni mimi.

Nimechagua ile ya shokapu moja. Najua si uliyoitaka, Loisi. Fremu yake ni nzima, haijaguswa na moto wa mtu yeyote, na keria imefungwa kwa nati. Siitumi kwa basi. Nakuja nayo mwenyewe, nitashuka Manyoni Jumamosi asubuhi. Nataka nianze kuipandisha mimi, na viroba viwili vya alizeti nyuma, nipite ile kona ya pili mbele ya macho yako. Nikifika juu salama, ndipo iwe yako. Kama hutaki kuniona, niambie niiache stendi. Nitaiacha nigeuze, sitakulaumu. Na siku yoyote ukiisikia inalia, hata kidogo, shuka. Usikubali fundi yeyote akwambie kesho.

Mama, ile iliyo ukutani naomba uiache hapohapo mpaka nije. Nitaiteremsha mimi.

Nisalimie mama mkubwa na goita lake, mwambie nimemnunulia khanga ya rangi aliyoitaka. Msalimie mchungaji, anikumbuke katika maombi, safari hii ajue na sababu. Shemeji yangu, mama yake Loisi, huko Itigi alikoolewa, naye asomewe barua hii yote. Mjomba nisalimie pia, ingawa najua atataka kunipiga, na ana haki.

Wako niliyekukosea,

Elia

Loisi, kama ulinyamaza mahali popote ulipokuwa ukisoma, rudi hapo umsomee bibi. Hasa pale pa viroba viwili. Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akimlaumu Yona, mwanawe asiye na kosa.