Simu Iliyoitikiwa Marahaba

Dada Zawadi, hamjambo hapo nyumbani?

Huku Mgeta baridi inauma, njegere ni tamu, na mdogo wako nimeumbuka. Asubuhi nilimkuta bibi mwenye nyumba akimenya njegere mlangoni. Badala ya kumwamkia, nikamnyooshea simu nipate video ya kurusha kwenye grupu letu la familia. Akaitazama simu, akaiambia, "Marahaba, mjukuu wangu." Kisha akanigeukia: "Na wewe, bubu?"

Nikasukumiwa beseni zima. Njegere zinataka mikono miwili, kwa hiyo simu ikalala mfukoni mpaka mchana, nami nikapewa umbea mtamu kuliko wote wa grupu letu.

Nisalimie Mama. Kwa mdomo, dada, siyo kwa emoji: yuko chumba cha pili.

Nduguyo mwenye vidole vya kijani,
Shabani