Maharage Yangu ya Kanyosha

Kanyosha, Bujumbura

Kaka Hamisi,

Assalaam aleikum. Mimi na binti yangu Mwajuma tu wazima, Alhamdulillahi. Goti lako linaendeleaje? Na Mama bado anakohoa? Mwambieni aache kuinamia moshi, wakwe wapo wa kupika.

Barua yako imenifikia. Unaniamuru nirudi Ujiji kwa kuwa huku kuna vita na mjane hana lake kwa wakwe. Kaka, nakuheshimu, lakini sirudi.

Unajua alichosema shemeji Athumani tulipomaliza matanga ya mume wangu: shamba lisipozaa msimu huu, analichukua. Na kweli maharage ya msimu uliotangulia yalikuwa yamedumaa, maua ya kuhesabika, maganda matupu. Bwana shamba mmoja aliyekimbilia mtaani kwetu kutoka milimani akaniambia udongo umepungukiwa fosforasi. Kwa vikwazo hivi vya biashara tulivyowekewa na nchi jirani, mbolea ya DAP, yenye hiyo fosforasi, imekuwa adimu kuliko sukari, kwa hiyo nikauza kile kitenge ulichonitumia. Nisamehe. Nikapata ya kutosha nusu ya shamba tu.

Tulipimia kwa kizibo cha chupa ya bia. Usinitolee macho, vizibo vimejaa njiani. Unatia mbolea shimoni, unaifunika kwa udongo kidogo, ndipo unaweka mbegu, isije ikaungua. Bwana shamba akanikazania, "Hii mbolea haitembeaka, mama. Pale unaiweka, ni pale inabakia. Iweke karibu na mizizi."

Shemeji akapita, akacheka. "We mwanamuke, unatia chumvi mu shamba? Utavuna majani tu."

Majani yakaja, mapana, ya kupendeza. Kisha risasi zikaanza kushuka kutoka milimani, tukakimbilia mtaa wa Buyenzi kwa rafiki yangu. Tuliporudi nikakuta wakimbizi waliopita wamechuma majani ya mboga ule upande wenye mbolea tu, wameuacha vijiti vitupu. Upande mwingine hakuna aliyeugusa, ungechuma nini pale? Sikuwalaani, maana mwenye watoto njiani lazima apike kitu. Lakini nilikaa tutani nikalia, na shemeji akaja kunitazama nikilia.

Basi nikajifuta, nikapalilia. Ule upande uliochumwa ukachipua upya, ukachanua kabla ya mwenzake, maganda yakajaa. Siku ya kuvuna nilimwita shemeji ang'oe kwa mkono wake mche mmoja huku, mmoja kule. Wa kwanza ulitoka na mizizi tele na udongo wake. Wa pili ulikuwa na nyuzi chache tu. Akaishika yote miwili, akalinganisha mizizi. Mkewe ndiye aliyesema, "Zaituni, utanipa mbegu?"

Shemeji akaitupa chini. "Mi sina maneno tena. Lima."

Kwa hiyo usinitumie nauli ya boti. Bunduki hazijanyamaza, na naogopa, sitakudanganya. Lakini ile nusu ya pili nayo nimeshaitia mbolea kwa fedha ya mavuno, na nimekwambia mbolea hiyo haitembei. Mimi niende wapi?

Mpe Mama shikamoo yangu, na mjomba fundi cherehani, na wifi yangu mkeo. Kibaba cha maharage anachowaletea mchuuzi wa dagaa ni cha mbegu. Wifi asikipike.

Ni mimi mdogo wako,
Zaituni, mwenye shamba Kanyosha