Mama Anajifunza Gia

Mbumbuni, 9 Februari 2025

Nzisa mwanangu,

Salamu nyingi. Habari ya Kitui, na hilo joto lenu? Sisi tuko, Mungu ametuweka. Babako anakula vizuri, ni mkono wa kulia tu bado umelala. Mazoezi ya hospitali kule Wote yanamsaidia, lakini tukikosa gari ya kutubeba, tunakosa siku.

Sasa nikuambie kitu, usicheke. Nimerudi driving school. Ile laisensi uliyonisaidia kupata kwa kigari chako ni ya automatiki tu. Siku babako alianguka jikoni, pikapu yake ilikuwa hapo uani, ina mafuta, na ufunguo ninao mkononi. Niliwasha, ikaruka kama mbuzi, ikazima. Nikajaribu tena na tena. Mwishowe tukangoja gari itoke Mukuyuni. Sitaki kungoja tena.

Nilipomwambia babako, aligeukia ukuta.

Mamako,
Kavindu

Kitui, 13 Februari

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Hujambo? Na baba? Mimi sijambo, ni kazi tu.

Mwaitu, ukweli nimeogopa. Hiyo pikapu ni nzito, na ule mteremko wa kanisa unaujua. Si tuiuze tutafute automatiki kama yangu? Baba hataiendesha tena.

Mwanao,
Nzisa

Mbumbuni, 20 Februari

Nzisa,

Tuko salama. Wewe je?

Hiyo ya kuuza usiiseme tena. Kila asubuhi babako huomba kwa ishara kiti chake kiwekwe mahali anaiona pikapu. Tukiiuza, ataona tumemzika akiwa hai.

Instrakta wangu anaitwa Gedion, umri wako. Ananiambia, "Mama, unaogopa klachi kama nyoka." Namwambia nyoka ni afadhali, huyo nimeshaua wengi.

Mamako

Mbumbuni, 29 Machi

Nzisa mwanangu,

Natumai uko mzima. Mimi mwili uko sawa, roho ndiyo imechoka.

Jana nilifanya testi. Nilisimamishwa mlimani, nikaambiwa niondoe gari. Gari ikarudi nyuma mpaka mtahini akavuta hendibreki. Vijana waliokuwa wanangoja zamu wakacheka. Nimeanguka.

Naona niache. Mtu ajue mwisho wake.

Mamako

Kitui, 3 Aprili

Mwaitu,

Pole sana. Umelala? Umekula?

Nilikuambia uiuze na sasa najuta. Usiache. Hao waliocheka hawana mtu wa kupeleka Wote. Nitalipia testi ya pili.

Nzisa

Kitui, 22 Aprili

Mwaitu, habari za siku nyingi? Hujibu, na simu hushiki. Baba yuko sawa? Niambie hata neno moja.

Nzisa

Mbumbuni, 18 Mei

Nzisa wangu,

Nisamehe kwa kunyamaza. Tuko wazima kabisa. Sikutaka kusema kitu mpaka kitokee.

Juma lile baada ya barua yako, nilitoka kanisani nikamkuta babako ndani ya pikapu, upande wa abiria. Alijikokota mwenyewe na fimbo. Unajua maneno bado yanamshinda. Alinionyesha usukani, akasema, "Washa."

Tukaanza hapo uani, halafu kwenye kilima cha shule. Akigonga dashibodi mara moja na mkono wa kushoto, nakanyaga klachi. Akigonga tena, naachilia, polepole. Nikikosea anafoka, na ukimsikia akifoka utajua anapona! Siku moja nilivunja uzio wa Mutindi jirani. Babako alicheka mpaka machozi. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu augue.

Alhamisi nilirudia testi. Mlimani gari haikurudi hata kidogo. Nimepita, Nzisa.

Jana nikampeleka Wote mwenyewe. Mpaka Mukuyuni alikuwa anagonga dashibodi, halafu akaacha. Nikafikiri amekasirika, nikaogopa kumwangalia. Kufika hospitali, nikageuka: amelala. Babako Mwau, ambaye hajawahi kufumba macho gari ikiendeshwa na mtu mwingine, analala mdomo wazi.

Nikazima injini. Nikaketi hapo kidogo, nisimwamshe.

Mamako,
Kavindu