Divai ya Mume Wangu Inatoka Dukani

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Jumatatu, maana Jumatatu mume wangu anaacha kazi na wa kulaumiwa ni mimi. Mimi nashona sare za shule hapa hapa sebuleni, mume wangu ni fundi wa mafriji kwenye karakana moja, mtu mpole asiye na makuu, ila tangu asikie kwamba divai ya mananasi inatengenezeka nyumbani kwa ndoo, sukari na hamira tu, sebule yangu imegeuka kiwanda, ndoo iko kando ya cherehani inatokota bila moto, na yeye akirudi kazini hata viatu havui, anakwenda moja kwa moja kufunua kitambaa, ananusa, anakoroga, anaonja, anasema bado, itakomaa ikiingia kwenye chupa.

Tatizo, mshauri, kitu chenyewe ni kibaya. Mara ya kwanza nilionja kijiko kimoja nikahisi meno yanalegea, na siku hiyo wifi yangu mkubwa alikuwa anakuja kututembelea, naye hajawahi kumsifu mdogo wake kwa lolote tangu wakiwa watoto, nikamwonea huruma mume wangu, akiwa bafuni nikamwaga yote kwenye sinki nikajaza chupa zake divai ya mananasi niliyoinunua dukani. Wifi akanywa, akaongezewa, kisha akasema, "Mdogo wangu, kumbe una akili." Mume wangu alikwenda jikoni akasimama akitazama ukuta mpaka machozi yakakauka, na tangu hapo ukoo mzima unamwita Profesa, nami kila akijaza chupa nasubiri atoke, nabadilisha.

Sasa bosi wake ameonja, ameagiza divai ya harusi ya binti yake, mapipa yameletwa, mananasi yamefika hadi chini ya kitanda, na Profesa anasema Jumatatu anaaga karakana afanye divai tu. Jana aliniuliza, "Mama watoto, unaniamini?" nikaitikia nikiwa na uzi mdomoni. Nikisema namvunja moyo, nikinyamaza, mapipa siwezi kuyabadilisha, harusi nzima itakunywa siki. Nifanye nini?

Mke wa Profesa

* * *

Mke wa Profesa,

Pole, na hongera. Wake wengi hudanganya kuhusu bei ya viatu wakaishia hapo. Wewe umedanganya mume, wifi, ukoo na karakana, na sasa umefika kwa maharusi. Ungeshona sare kwa bidii hiyo, shule zote zingekuwa zimevaa.

Siku ya kwanza nakuelewa. Hata mimi nina wifi. Lakini ya pili ulikuwa unamwokoa na nani? Wifi alishaondoka. Ulinogewa na sura yake akisifiwa, ukaendelea kuinunua dukani.

Unaogopa kumvunja moyo. Haya, mfikirie akiwa hana kazi, amesimama mbele ya bosi aliyemuaga kwa mbwembwe, na wageni wa harusi wanatema kwenye maua. Hapo moyo wake utakuwa mzima, siyo?

Mwambie leo. Zima cherehani, toa uzi mdomoni, mketishe. Mwekee glasi mbili, moja ya ndooni na moja ya dukani, aonje zote. Ulimi wake ni mzima, ila umemnyima nafasi ya kuutumia. Kisha sema, "Niliibadilisha mimi, tangu siku aliyokuja dada." Usianze na "nilifanya kwa sababu nakupenda." Hilo liache, akitaka atalisema mwenyewe. Atanuna. Mwache anune, hiyo ni haki yake. Na wifi asilisikie kutoka kwako. Mumeo ndiye ataamua kama dada yake aambiwe. Bosi aambiwe mapema, na mumeo mwenyewe, atafute divai kwingine. Itakuwa aibu ya dakika chache, lakini kazi itabaki.

Sasa hiyo divai. Mumeo hana mkosi, ana haraka tu. Divai inayofunuliwa na kunuswa kila jioni huingia hewa, na ikishaingia hewa inageuka siki, hata kama mtengenezaji ni profesa. Aoshe ndoo kwa maji ya moto. Hamira aitie kwenye maji ya vuguvugu, yakiunguza inakufa. Povu likipungua, achuje, amimine kwenye chupa kubwa yenye mdomo mwembamba, avishe mdomoni puto lililotobolewa kwa sindano ili hewa itoke bila kuingia. Sindano najua hamkosi. Asikaze kizibo ingali inatoa mapovu, la sivyo mtaokota vipande vya chupa hadi darini. Kisha aiache wiki kadhaa, na asiichungulie. Hapo ndipo utakapomsaidia kweli: mtafutie kitu kingine cha kunusa.

Ikiwa tayari, wa kwanza kuonja awe wewe, mbele yake. Ikiwa mbaya, mwambie, "Mume wangu, hii ni mbaya," umpe maji asukutue. Utashangaa sentensi hiyo ilivyo nyepesi kuliko kubeba chupa kutoka dukani.