Ngazi ya Kigango

Mbinga,
19 Agosti 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama hapo Lipingo kwa dada Ida, na kwamba joto la ziwani limekupunguzia kile kikohozi. Mimi mwili ni mzima. Simu ninayo, ila nikikusikia sauti tu nitashindwa kusema ninachotaka kusema.

Umeshasikia kwamba mama mdogo Rosina aliangukiwa na ukuta wa jikoni. Mguu umefungwa plasta, lakini bado ana nguvu za kulalamika kwamba uji wa wodini ni mwepesi. Kahawa yake wanajumuiya wamemchumia.

Unajua kazi yangu mgodini ni kupima kama ardhi inatitia juu ya mashimo wanakochimba makaa chini kwa chini. Unachagua mahali pasipotikisika, halafu kila wiki unalinganisha na vigingi vilivyo karibu na nyumba za watu. Bosi wangu, Bwana Ambokile, alinionyesha mwamba wa ng'ambo ya bonde. Ni mwendo wa saa nzima, mlima mtupu. Nikajiona mjanja. Badala yake nikatumia ngazi ya kanisa letu la kigango, ile mliyoijenga kwa mawe ya kubeba kichwani. Nilijiambia hata kijiji chote kititie, kigango kitabaki.

Mwezi wa pili mama mdogo alinifuata akasema maji ya mvua hayakai tena kwenye ngoro, yale mashimo ya shamba lake, yanamezwa, na mlango wa jikoni haufungi. Alitaka kuhamia Kigonsera kwa mwanawe Nazari. Nikamwonyesha daftari: vipimo havijabadilika hata kidogo. Jumapili, baada ya ibada, nikasimama mbele ya watu wote nikarudia hayo hayo, tena nimevaa kofia ya mgodini. Akabaki.

Mama, kigango nacho kilikuwa kinashuka. Kilishuka pamoja na nyumba, ndiyo maana sikuona tofauti. Na hili sikulijua baada ya ukuta kuanguka. Nililijua mwezi wa tano, siku nilipopanda ule mwamba wa ng'ambo nikapima kutoka huko. Ngazi ilikuwa imeshuka sentimita kumi na tatu. Niliona aibu kusimama tena mbele ya watu wale wale, nikafunga daftari. Ukuta ulianguka mwezi wa saba. Wiki tisa nzima nilipita mlangoni kwake nikimwamkia.

Leo asubuhi nimemwandikia Bwana Ambokile yote, na watu wa nyumba kumi na moja wameanza kuhamishwa. Kisha nikaenda wodini kumwambia mama mdogo. Kabla sijafungua mdomo akanishika mkono akasema, "Mwanangu, nikitoka hapa ukanipimie mahali pa kujenga. Wengine siwaamini."

Nikamjibu ndiyo, mama. Nikaondoka bila kumwambia.

Nakuomba usimpigie simu. Kesho narudi kwake, nimwambie mwenyewe. Dada Ida na watoto wasalimie sana, na unapowaombea wanao, mimi usiniruke.

Ni mimi mwanao,
Mansuetus