Umaskini wa Kuonyesha

Jumamosi, Julai 1996

Baridi kali, na manyunyu ya hapa na pale tangu asubuhi. Nimejifunika blanketi, kitabu cha historia kiko mapajani, lakini macho yanarudi kwenye mstari uleule. Afadhali niandike.

Dada yangu Mutheu ameitwa chuo kikuu. Alisubiri nyumbani muda mrefu kwa sababu chuo kilifungwa na waliomtangulia wakarundikana. Sasa nafasi imefika na baba hana kazi. Alikuwa karani wa serikali mpaka mwaka jana, walipopunguza wafanyakazi.

Baba husema zamani serikali ilimlipia kila mwanafunzi wa chuo, ikampa hata pesa za mfukoni. Siku hizi hazina ni tupu, kwa hiyo serikali hutoa mkopo tu, na wasiojiweza ndio watakaopewa kwanza. Mimi niliona hiyo ni haki. Niliiandikia hata insha shuleni, mwalimu akanisifu.

Sikujiuliza mtu hujulikanaje kuwa hajiwezi.

Hujulikana kwa chifu. Jana Mutheu alitakiwa kufika na mzazi mbele ya chifu na wazee wa mtaa, wanaothibitisha nani anastahili mkopo. Baba alivaa suti yake ya kijivu, tai, na viatu vilivyong'arishwa. Kwa baba, mtu haendi ofisi ya serikali kama aliyetoka kulala. Mimi nilikuwa nimerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, nikawafuata. Vijana wa kibanda cha njiani wakampigia baba kelele, "Buda, leo ni harusi ya nani?"

Mbele yetu kwenye foleni alikuwepo mwenye duka la jumla kule mtaa wa Fedha. Namfahamu, mama hununua sukari kwake. Alikuwa amevaa ndala za patapata na koti lililochanika begani, anakohoa. Wazee wakamhurumia. Mwanawe akapitishwa.

Kisha chifu akamkagua baba kuanzia kwenye tai hadi kwenye viatu.

"Mzee, hata wewe huna?"

"Sina kazi, chifu. Nilipunguzwa."

"Na suti?"

"Niliinunua nikiwa na kazi."

Wazee wakacheka, na wala si kwa ubaya. Mmoja akasema, "Iuze basi, msichana asome!" Chifu akasema wako wengi wenye shida kuliko sisi. Kama tuna la kuongeza, turudi Jumatatu.

Baba alisema asante.

Leo baada ya uji akatuita mezani. Alizungumza taratibu, kama anayesoma matangazo kanisani. "Jumatatu Mutheu ataenda na mama yake. Suti wameshaiona, hatuwezi kuificha. Basi semeni pesa ninazo ila nimewatoroka. Semeni nazila na mwanamke mwingine."

"Baba Mutheu, nikusingizie mwanamke mbele ya wazee wa mtaa?"

"Wataamini. Hilo wanalielewa haraka kuliko la kupunguzwa kazi."

Mama akacheka kidogo, kicheko ambacho sikukipenda. "Anaitwa nani huyo mke mwenzangu, nisije nikakosea jina?"

Mutheu alisema hataki chuo cha namna hiyo. Baba akamwambia atakwenda, na kwamba hajamwomba maoni. Sijawahi kumsikia akizungumza naye hivyo.

Jioni hii baba ameondoka na begi kwenda kwa binamu yake katika mtaa wa Tassia, ili majirani waone. Amepita katikati ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga wakati akina mama wanaanua nguo kwa sababu ya mvua, akawasalimia wote. Mama wa mlango wa pili amemtazama mama yetu, kisha begi, kisha akaingia ndani haraka. Nadhani mpaka kesho kanisani habari itakuwa imefika.

Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani. Chifu hana pesa za kutosha watu wote. Mwenye duka anampenda mwanawe, kama baba anavyotupenda sisi.

Mutheu yuko chumbani anajifunza maneno atakayosema. Anafika kwenye neno "ametuacha", anaanza tena.

Mkopo huombwa upya kila mwaka. Mutheu ana miaka minne chuoni, na mimi niko kidato cha tatu. Je, baba atarudi lini nyumbani? Au atalazimika kuendelea kutuacha mpaka nami nimalize kusoma?